Tufike Siku Moja na Meli, au Tulale Kwanza? Safari yetu ya Dilala hadi Moba



Tangu tuliporudi kutoka Moba kumsindikiza binti wa mwenzetu kwa bwana wake, wamama wengi wanatusimamisha njiani, sokoni na hata mlangoni mwa darasa. Swali lao ni moja: "Ninyi mlipangaje ili msikose meli?" Wengine wana ndugu Kalemie, wengine wana msiba Uvira, wengine wanataka kuvuka hadi Kigoma kutafuta biashara. Kwa hiyo tumeombwa tuandike habari ya safari ile katika gazeti letu, ili kila kikundi kiweze kuisoma na kuijadili.

Swali lenyewe ni hili. Meli inaondoka Kalemie Jumamosi jioni. Kuna ndege ya Lubumbashi inayofika Kalemie Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Kuna nyingine ya Alhamisi. Je, upande ya Jumamosi, ushuke uwanjani na kwenda moja kwa moja bandarini? Au upande ya Alhamisi, ulipe mahali pa kulala, na uache watoto, darasa au meza yako ya soko kwa siku mbili zaidi?

Mtu asiyesafiri anaweza kuona ni jambo dogo. Sisi tulikaa vikao viwili juu yake, na nusura tugombane.

Kwa nini tulipitia ziwani

Tulikuwa wamama saba pamoja na bibi arusi. Watu wa Moba walikuwa wamepanga kumpokea Jumatano, na ndoa Alhamisi. Mnajua desturi: bibi arusi hafiki peke yake kama kifurushi. Anafika na wamama wa kwao, na vyombo vyake, na bikwembe vyake, na watu wanaoweza kusema, "Huyu ana kwao." Akichelewa, maneno yataanza siku ile ile, na yatamfuata miaka.

Njia za kwenda Moba ni chache. Kuna treni ya kutoka huku kwetu Katanga kupitia Kamina na Kabalo hadi Kalemie. Reli hiyo ni ya zamani, ilifika ziwani mwaka 1915, wakati Kalemie ilipokuwa bado ikiitwa Albertville. Lakini treni haina ahadi: inaweza kukaa njiani siku nyingi, na mtu mwenye tarehe ya ndoa hawezi kuitegemea. Kuna barabara ya Pweto, lakini hiyo ni siku kadhaa juu ya lori, na mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Ikabaki gari hadi Lubumbashi, ndege hadi Kalemie, kisha meli kuelekea kusini hadi Moba.

Vipande vitatu, basi. Na kila kipande kina mwenyewe, wala wenyewe hao hawasemezani. Dereva wa gari hajui saa ya ndege, na rubani hana habari ya meli. Meli nayo haijui kama kuna wamama saba wa Dilala njiani.

Kikao cha kwanza

Upande mmoja ulitaka ndege ya Jumamosi. Tusiwadharau, kwa sababu walikuwa na sababu za kweli. Mama mmoja anauza mboga. Alisema: "Ninyi walimu mshahara wenu hauozi. Mimi nikikosa soko siku mbili, mboga zinaoza, na wateja wanazoea meza ya mwingine." Mwingine alikuwa anaacha watoto wanne kwa dada yake, na dada huyo ni mgonjwa. Wa tatu alisema mji wa ugenini hula fedha: unalipa chumba, unalipa chakula, unalipa pikipiki, na kabla ya kupanda meli mfuko umekwisha. Akamaliza kwa methali: "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Upande wa pili ulitaka Alhamisi. Walisema ndege zetu za ndani hubadilishwa, leo inakuwa kesho, na barabara ya Lubumbashi ina malori yake. Nao wakajibu kwa methali: "Haraka haraka haina baraka."

Sisi tunaofundisha tunajua kwamba methali ni nzuri, lakini kila moja ina nyingine ya kuijibu. Ukitegemea methali peke yake, mwenye sauti kubwa ndiye atashinda. Kwa hiyo tuliomba chaki.

Tuliandika hivi. Tuseme gari linatufikisha Lubumbashi kwa wakati mara 8 katika safari 10. Tuseme na ndege inaruka siku yake mara 8 katika 10. Hizo si hesabu za ofisi yoyote, ni mfano tu. Watoto wa darasa la sita wanajua kuzidisha: 8 mara 8 ni 64. Maana yake ni kwamba katika safari 100 za namna hiyo, mtafika vizuri mara 64, na mara 36 mtakwama mahali fulani. Kila kipande kikitazamwa peke yake kinaonekana kizuri. Vikiunganishwa, uzuri unapungua. Hilo ndilo wamama wengi halikuwa limewajia. Tulikuwa tunauliza, "Je, ndege itaruka?" wakati swali ni, "Je, vyote vitakwenda sawa siku moja?"

Mama wa mboga akauliza swali zuri kuliko yote: "Na tukikosa meli hiyo, nyingine ni lini?" Tulipiga simu Kalemie. Jibu lilikuwa: labda wiki moja, labda zaidi, itategemea mzigo. Hapo kikao kilinyamaza. Ndoa isingengoja wiki moja.

Kikao cha pili

Katika kikao cha pili tuliweka fedha mezani. Tulilinganisha gharama mbili: kulala usiku mbili Kalemie tukigawana vyumba na kupika wenyewe, na kukosa meli kisha kungoja wiki nzima, watu wanane, pamoja na aibu ya bibi arusi. Gharama ya kwanza ni ya hakika lakini ndogo. Ya pili si ya hakika lakini kubwa, na hakuna sanduku la chama linaloweza kuilipa.

Mhazini alitaka uamuzi uandikwe, ukaandikwa: tunakwenda kwa ndege ya Alhamisi. Wale wenye biashara ya kuoza wasaidiwe kidogo na sanduku. Mama wa mboga alikubali kwenda, lakini alisema wazi kwamba kwake uamuzi huo ni mbaya. Tuliandika na hilo. Inafaa kuandika neno la asiyekubali, maana ndiye atakayekuja kuuliza baadaye.

Njiani

Tuliondoka Dilala Jumatano kabla ya jua. Ilikuwa likizo kubwa, wakati wa kiangazi, vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye kope. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300. Tulivuka mto Lualaba, ambao jimbo letu limepewa jina lake tangu 2015, tukapita Fungurume na kuingia Likasi. Malori ya shaba na kobalti yalikuwa mbele yetu na nyuma yetu, yote yakielekea Kasumbalesa. Lori moja likiharibika mahali pembamba, msururu unasimama, na hapo wauza asali, makala na viazi vitamu wanatokea porini kama waliokuwa wakijua. Tulisimama namna hiyo mara mbili. Tulifika Lubumbashi usiku, si mchana kama dereva alivyoahidi.

Alhamisi asubuhi tulikuwa uwanja wa Luano. Tulikaa. Mtoto alilia, akalala, akaamka, akalia tena. Saa za mchana tukaambiwa ndege itaruka kesho. Hatukupewa sababu, na hatukuona faida ya kugombana. Tulirudi mjini kwa ndugu wa mmoja wetu, tukalala nane katika vyumba viwili, na kupika bukari kwenye mbabula uani. Ijumaa ndege iliruka.

Mama wa mboga alituangalia ndani ya ndege akasema: "Siku moja imekwisha kupotea." Mwingine akamjibu: "Imepotea hapa, haikupotea Moba." Wote wawili walisema kweli.

Kalemie

Kwa wale ambao hawajaliona ziwa, tuseme hivi: ukiwa juu unafikiri ni mbingu ya pili. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Baikal peke yake, kule Urusi, inayolishinda kwa kina. Nchi nne zinagawana maji yake: Kongo yetu, Tanzania, Burundi na Zambia.

Kalemie umelala kati ya vilima na maji. Miaka hii ziwa limepanda, na kando ya maji kuna nyumba zilizoachwa, maji yakiwa yamefika kwenye madirisha. Na pale Kalemie ndipo mto Lukuga unapotoka ziwani. Tuliwaonyesha wamama mto ule, kwa sababu tunaufundisha kila mwaka darasani bila kuuona. Lukuga unakwenda magharibi hadi unaingia Lualaba, upande wa Kabalo. Yaani maji yanayopita chini ya daraja letu la kwenda Lubumbashi na maji ya ziwa la akina bwana arusi yanakutana na kuwa mto mmoja. Bibi arusi alisimama pale muda mrefu. Baadaye alisema kwamba hilo lilimtuliza kuliko mashauri yote tuliyompa garini.

Usiku ule tulikula ndakala wabichi wa ziwani. Sisi tuliozoea samaki wakavu wa sokoni tulinyamaza tukala.

Jumamosi bandarini

Sasa ndipo penye jambo lenyewe.

Jumamosi asubuhi tulikwenda bandarini mapema kuuliza. Meli ya kwenda Moba haikuwapo. Iko njiani, tuliambiwa, labda jioni, labda kesho. Baadaye asubuhi hiyo ndege ya Jumamosi ikafika kutoka Lubumbashi. Ndiyo, ile ile tuliyoikataa. Ilifika kwa wakati wake, na abiria wake walikuja bandarini wakiwa wasafi, hawana vumbi la kungoja.

Kwenye saa za jioni boti moja la mbao likatangaza safari ya Moba. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya meli. Tulikwenda kulitazama. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na watu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Ukingo wa boti ulikuwa karibu na maji, tungeweza kupima kwa mkono. Tuliuliza majaketi ya kuelea, tukaonyeshwa machache, hata watoto waliokuwa ndani yasingewatosha. Na upepo ulikuwa umeanza. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki una nguvu katika ziwa hili, nasi tungekwenda kusini, yaani tungeukabili.

Abiria wengi wa ndege ile walipanda. Tunawaelewa. Hawakuwa na mahali pa kulala, fedha yao ilikuwa imepangwa kwa siku moja, na watu walikuwa wanawangoja. Mama mmoja kati yao alitazama maji, akatazama mtoto wake, akatazama tena maji, kisha akapanda. Asingepanda angefanya nini?

Sisi tulikuwa na chumba kilicholipwa hadi Jumapili, tulikuwa na unga wa bukari, na kabla ya Jumatano tulikuwa na siku. Tulijadili kwa dakika chache tu. Hata mama wa mboga alisema, "Hapana, hili sipandi." Tukarudi kulala.

Wamama, hapa ndipo tulipoelewa tuliyokuwa hatukuyasema katika vikao vyote viwili. Tulidhani siku ya ziada tunainunua ili tusikose meli. Kumbe tuliinunua ili tuweze kukataa. Mtu aliyefika siku ile ile hachagui chombo, kwa sababu chombo kinachoondoka kwanza ndicho chake. Na mama mwenye watoto asipoweza kukataa, watoto wake nao wanakwenda popote anapokwenda yeye.

Hatusemi haya kwa kutisha. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, na watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama Ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kutoka pwani. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na watu walijazana ndani ya chombo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kule Zanzibar wanakumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012. Meli nyingi za namna hiyo hujazwa na watu wanaojua kwamba zimejaa. Wanapanda kwa sababu kubaki kunawagharimu kuliko wanavyoweza kulipa.

Yaliyotokea baadaye

Lazima tuseme kweli yote. Lile boti lilifika Moba salama Jumapili asubuhi. Meli yetu ilifika Kalemie Jumapili mchana na kuondoka jioni. Usiku tuliona taa za wavuvi wa ndakala zimetapakaa majini kama mji, na asubuhi ya Jumatatu milima ya Marungu ikasimama mbele yetu. Wale waliopanda boti walikuwa wamefika siku moja mbele yetu, kwa fedha kidogo kuliko sisi, na wengine walitucheka pale pwani. Wakasema, "Wamama wa Kolwezi mna fedha za kulalia."

Basi mama wa mboga alituuliza: "Mwaona? Tungepanda ndege ya Jumamosi tungefika Jumapili." Kwa hesabu ya siku, ana haki.

Jibu letu ni la mwalimu. Mtoto anaweza kubahatisha jibu la hesabu akapata. Tunampa alama ya jibu, lakini tunatazama njia yake, kwa sababu kesho hesabu itakuwa nyingine na bahati haitakuwapo. Uamuzi nao ni hivyo. Tusiupime kwa jinsi mambo yalivyotokea siku moja tu. Tuupime kwa yale tuliyojua siku tulipoamua, na kwa yale tuliyokuwa tayari kupoteza. Tukiwa na safari hiyo tena, na bibi arusi mwingine, tutachukua tena ndege ya Alhamisi. Mama wa mboga bado hakubali kabisa, na bado ni rafiki yetu. Fedha ya sanduku haikufidia hasara yake yote, na hilo chama kinapaswa kuliangalia.

Jumatano bibi arusi alipokelewa. Moba ina sehemu mbili: bandari iko chini ziwani, na juu kwenye uwanda iko Kirungu, misioni ya zamani iliyoitwa Baudouinville, mahali ambapo Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, padri Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Tulipanda mlima ule tukiimba, na bibi arusi alikuwa amelala usiku mbili, amenawa, bikwembe vimepigwa pasi. Wamama wa kule walimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama kawaida, na hawakupata la kusema.

Maswali manne kabla ya kukata tikiti

Kwa vikundi vinavyotaka kusafiri, tunashauri mkae na mjibu maswali haya kwa sauti, si kila mtu kimoyomoyo.

La kwanza: chombo hiki kinaondoka mara ngapi? Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar kuna boti za mwendo wa kasi mara kadhaa kwa siku, safari ya kama saa mbili. Ukifika kwa ndege asubuhi na ukakosa moja, utapanda nyingine. Hapo kufika siku ile ile si tatizo. Lakini meli Liemba ilikuwa kwa miaka mingi ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, kila baada ya wiki mbili. Hiyo ndiyo meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927. Ukiikosa meli ya wiki mbili, umekosa mwezi nusu. Kadiri chombo kinavyokuwa adimu, ndivyo unavyopaswa kufika mapema.

Hata matajiri wanaopanda meli kubwa za starehe huko Miami au Barcelona wana swali letu hili hili. Meli zile hufunga mlango mapema kabla ya saa ya kung'oa nanga, na hazimngoji mtu ambaye ndege yake imechelewa. Aliyeachwa atafute mwenyewe njia ya kuifuata hadi bandari nyingine. Ndiyo maana waliozoea wanashauriana wafike mji wa bandari angalau siku moja kabla. Ikiwa wao wenye ndege nyingi kila siku wanalala kwanza, sisi wenye ndege mbili kwa wiki tutakuwa na haraka ya nini?

La pili: mbele ya chombo hicho kuna vipande vingapi? Hesabuni gari, ndege, pikipiki, mpaka. Kila kipande kiongezeeni nafasi. Anayeishi Kalemie anaweza kwenda bandarini saa ile ile. Anayetoka Dilala hawezi.

La tatu: ni saa ya wapi? Saa yetu na ya Kalemie ni moja. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo ndugu akikupa habari kwa simu kutoka huko, muulize anasema saa ya wapi. Kigoma na Dar es Salaam ziko mbele yetu kwa saa 1. Tena Mtanzania akisema "saa moja asubuhi", anamaanisha ile ambayo tikiti inaandika 07:00. Sisi tuliozoea kusoma saa kwa Kifaransa tunaweza kupotea hapo. Andikeni saa kwa tarakimu, mwonyesheni anayeuza tikiti, na athibitishe kwa kidole.

La nne: fedha ya kukataa iko wapi? Hii ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Kila safari ya kikundi iwe na bahasha moja iliyofungwa, si ya zawadi, si ya kununulia vitenge, bali ya kulala usiku mbili na kula. Mhazini aishike. Ikirudi haijafunguliwa, irudi kwenye sanduku. Ikifunguliwa, asiulizwe mtu.

Na kwa mama ambaye kweli hana fedha hiyo, ambaye lazima aende siku ile ile, tunamwambia hivi: chukua mzigo mdogo tu, upande nao ndani ya ndege usiungoje uwanjani. Kabla ya kuondoka pata namba ya ndugu au ya kikundi cha wamama katika mji wa bandari, anayeweza kukulaza usiku mmoja. Hakuna mji wa Kongo usio na wamama waliojiunga pamoja. Hata mkeka sebuleni unatosha kukupa nguvu ya kusema, "Hili sipandi."

Tunapendekeza chama chetu kianze kwa kufanya hivyo hapa hapa. Wako wamama kutoka Moba, Kalemie, Kamina na Dilolo wanaopita Kolwezi kwenda kwa wagonjwa na misiba, na gari lao la kesho haliwangoji. Mama yeyote wa Dilala mwenye nafasi ya kumlaza msafiri mmoja kwa usiku mmoja, aandikishe jina kwa mhazini katika mkutano wa wiki ijayo. Mama wa mboga amekwisha kuandikisha lake, na ndiye wa kwanza.